Barua kwa Mwanangu: Bei ya Bunduki Adimu

Mwanangu Yohana,

Ujumbe wako na picha za bunduki ya yule marehemu wa Bahi nimezipata. Unauliza kama Mannlicher-Schönauer hiyo, bunduki ya zamani ya kuwindia kutoka Austria, inafikia shilingi milioni tisa wanazotaka wanafamilia, maana wanasema Dodoma nzima hakuna nyingine. Inawezekana kweli hakuna. Lakini uadimu peke yake haupandishi bei. Bunduki ya namna hii ina bei mbili: ya mwindaji, anayeangalia kama inapiga sawasawa na kama risasi zake zinapatikana, na ya mkusanyaji, anayetaka chuma na mbao visiwe vimeguswa tangu kiwandani. Tafuta zote mbili, kisha ushike iliyo kubwa. Naona familia hiyo imezijumlisha.

Kwanza karatasi. Bunduki ya marehemu haikai nyumbani kungoja mnunuzi, inapelekwa polisi. Anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na wewe huigusi kama yako mpaka uwe na leseni kwa jina lako, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Linganisha namba iliyochapwa kwenye chuma na iliyoandikwa kwenye leseni ya marehemu, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, hata ikiwa mpya kabisa usitoe senti.

Ukiruhusiwa kuikagua kituoni, hakikisha haina risasi. Fungua bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, tazama chemba, yaani mahali risasi inapokaa tayari kupigwa, halafu pitisha kidole ndani. Magazini yake, yaani kasha la risasi, ni ya kuzunguka, inabeba risasi tano, na pembeni kulia mwa nafasi ya kupakilia kuna kitufe. Kikibonyezwa, risasi zilizomo zinaruka juu. Kisipofanya kazi, au magazini ikizunguka kwa kukwamakwama, mara nyingi ni grisi ya zamani iliyogandamana na vumbi letu hili. Hiyo inasafishika. Springi iliyovunjika au pembe zilizolika ni habari nyingine, kwa sababu vipuri vyake huvipati kwa fundi wa kawaida.

Sasa soma maandishi. Karabini, yaani bunduki fupi, ya kuwindia ya mwaka 1903, kutoka Steyr, Austria, ni ya 6.5x54: risasi ya upana wa milimita 6.5 na ganda la urefu wa milimita 54. Zilizofuata za 1905, 1908 na 1910 zilikuwa na vipimo vingine, 9x56, 8x56 na 9.5x57, kwa hiyo usikubali tu "ni Mannlicher". Pima na mtutu pia: bolti ikiwa imefungwa, ingiza ufito wa mbao mpaka ugote, weka alama mdomoni, utoe upime. Wa karabini ni kama sentimita 45. Jeshi la Ugiriki nalo lilichukua bunduki ya mfumo huuhuu ikiwa na mtutu mrefu zaidi, na nyingi zikaja kukatwa na kuvalishwa mbao za kuwindia. Ukiona nembo ya taji juu ya chemba, au mahali hapo pamesuguliwa hadi pakabonyea, au jina la Breda la Italia, hiyo ilikuwa ya jeshi. Inaweza kupiga vizuri, lakini bei ya mkusanyaji imeshapotea.

Mtutu ndio wa kukaa nao muda mrefu. Pitisha kitambaa chenye mafuta kwanza, kwa maana uchafu unaficha vidonda, kisha mulika tochi. Risasi za zamani zilikuwa na fataki zinazoacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta hayayeyushi chumvi hiyo, maji ndiyo yanayoyeyusha, na mwenye bunduki asipojua hilo anapaka mafuta juu ya chumvi huku kutu inakula chini yake. Angalia hasa mbele tu ya chemba na sentimita chache za mwisho mdomoni. Mtutu wenye weusi uliotawanyika kidogo bado unapiga. Vishimo vinavyokata kingo za mifereji inayozungusha risasi ndani ya mtutu havitengenezeki. Ukingo wa mdomo nao uwe duara kamili. Ukilika upande mmoja, ni ufito wa kusafishia uliopitishwa ovyo kutoka mbele, na shabaha itatawanyika.

Kichwa cha bolti ni kipande cha peke yake kinachotoka. Hakikisha kipo na si cha bunduki nyingine, kwa sababu kikibadilishwa nafasi ya risasi ndani ya chemba nayo inabadilika. Asiipige mtu yeyote kabla fundi silaha hajaipima nafasi hiyo kwa geji, kipimo chake maalumu.

Kwenye mbao, tazama nyuma ya bolti, pale mkono unaposhika. Ukavu wa Dodoma hubana mbao, skrubu zikalegea, na kila mlio ukasukuma chuma nyuma hadi ufa ukatokea. Picha yako ya pili ina mstari mwembamba hapo, sijui ni ufa au mkwaruzo, upitishe ukucha. Kisha fungua kifuniko cha chuma kwenye kitako. Ndani palitengenezwa nafasi ya vipande vya ufito wa kusafishia na risasi za akiba. Ufito ukiwamo, mkusanyaji ataongeza pesa.

Weusi wa chuma uliofifia kwenye mshikio wa bolti ni uzee wa haki. Lakini herufi zikiwa zimefifia kingo huku chuma kinang'aa, au matundu ya skrubu yamebonyea kama visahani, ilisuguliwa ikapakwa upya, na mimi naikata nusu ya bei ya mkusanyaji. Vilevile ikitobolewa kwa ajili ya darubini. Usiruhusu mtu aipige msasa "ipendeze" kabla ya mauzo.

Kuhusu risasi: bunduki hii ilitengenezewa kichwa kirefu chenye ncha ya duara, kama gramu 10, na magazini ilichongwa kufuata umbo la risasi hiyo. Yenye kichwa kifupi cha ncha kali inaweza kukwama, na hata ikiingia, hairushi vizuri. Maboksi uliyoyaona kwa marehemu yasome pia. Iko 6.5x53R ya Mannlicher yenye ukingo, iko 6.5x54 ya Mauser, iko 6.5x55 ya Sweden, na hakuna hata moja inayofaa humo. Nzuri zenyewe zinatengenezwa kwa uchache na zinaagizwa kwa kibali. Ni kweli Bell, yule mwindaji wa tembo wa zamani, aliua tembo wengi kwa 6.5 hii, na wauzaji wote wanalisema hilo, lakini leo mwindaji wa nyati anaanzia bunduki ya .375, ambayo ni kubwa kuliko hii. Kazi ya 6.5 ni swala na digidigi.

Kwa hiyo uliza bunduki ya kawaida ya kuwindia ya .30-06 iliyotumika, yenye mtutu safi na leseni, inauzwa kiasi gani Dodoma na Manyoni. Bei ya mwindaji kwa hii iwe chini ya hapo, hata mtutu ukiwa mzuri, maana risasi ni shida. Ya mkusanyaji itapita hapo kama namba zote zinalingana, hakuna tundu lililoongezwa, na ufito umo kwenye kitako. Usitaje kiasi mbele ya familia bado. Nitumie picha za maandishi ya juu ya chemba, namba ya bolti na sehemu ile ya ufa kwa karibu, mwanga ukitokea pembeni.

Baba yako