Baada ya Faini, Nani Husafisha?

SWALI: Mhariri, nimesoma mara nyingi kwamba mgodi fulani au kiwanda fulani cha kuchenjua madini kimetozwa faini kwa kuchafua maji, na baada ya miaka michache habari hiyo hiyo hurudi. Je, si afadhali serikali iyafunge maeneo hayo, kuliko kutoza faini ambazo wamiliki huzilipa bila kutetereka?

JIBU: Ndugu msomaji, hasira yako ina msingi, lakini uchafuzi hauishi kwa sababu lango limefungwa. Miamba yenye salfidi ya chuma (mchanganyiko wa chuma na salfa), ikishachimbuliwa na kukutana na hewa na maji, hutoa tindikali inayoyeyusha shaba, zinki na kadimiamu na kuzipeleka mtoni. Katika mgodi wa Iron Mountain, California, uchimbaji ulikoma mwaka 1963, ilhali maji yake yenye tindikali bado yanahitaji kusafishwa. Mmiliki akishafilisika, gharama kama hiyo huwaangukia walipa kodi.

Ndiyo maana mimi huipa faini uzito mdogo. Ninachokitazama kwanza ni kama kampuni imelazimishwa kuweka kando fedha za kufunga na kutunza eneo ingali na uwezo. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilitangaza makubaliano na kampuni ya mbolea ya Mosaic kuhusu takribani tani milioni 27 za taka hatarishi zilizotokana na usindikaji wa fosfati katika viwanda vinane vya Florida na Louisiana. Faini ilikuwa kama dola milioni 8. Magazeti huipenda namba ya namna hiyo, lakini kampuni ilitakiwa pia kuweka dola milioni 630 katika mfuko wa amana, ambao ungekua hadi kugharimia kufungwa kwa malundo ya jasi, yaani mabaki ya usindikaji huo, na mabwawa yake ya maji yenye tindikali, pamoja na uangalizi wa miaka mingi baadaye.

Hata hivyo, amana haizibi ufa. Mwaka 2016 ardhi ilididimia chini ya lundo moja la kampuni hiyo huko Florida, na zaidi ya lita milioni 800 za maji machafu zikapotelea ardhini. Kwa hiyo mkaguzi anapaswa kupima visima vinavyozunguka eneo yeye mwenyewe, tena bila kutoa taarifa mapema, badala ya kutegemea vipimo anavyoletewa na kampuni anayoikagua.