Jifunze Kwanza Uainishaji, Ndipo Usome Mageuko

Katika miaka yangu ya kufundisha biolojia, kila mwanafunzi anayenijia akitaka kuielewa nadharia ya mageuko huwa nampa ushauri uleule: aiweke kando nadharia kwa muda, ajifunze kwanza jinsi viumbe vinavyoainishwa. Wengi huuona uainishaji kuwa orodha ya majina magumu ya kukariri usiku wa kuamkia mtihani, ilhali humo ndimo lilimozaliwa swali ambalo mageuko ni jibu lake.

Vitabu vya maktaba unaweza kuvipanga kwa mada, kwa ukubwa au kwa rangi ya jalada, na kila mpangilio utakupa makundi mengine kabisa. Viumbe haviko hivyo. Mnyama anayenyonyesha watoto wake utamkuta pia ana nywele, tena ana mifupa mitatu midogo ndani ya sikio la kati, wala hutampata hata mmoja mwenye manyoya kama ya ndege. Sifa nyingi zisizotegemeana hukuongoza kwenye makundi yaleyale, na makundi madogo hukaa ndani ya makubwa. Carl Linnaeus wa Uswidi aliamini kwamba spishi ziliumbwa kila moja kivyake, lakini ushahidi wa miili ulimlazimisha kupanga upya: mwaka 1735 aliwaweka nyangumi pamoja na samaki, na katika chapa ya kumi ya Systema Naturae, kitabu chake cha uainishaji, mwaka 1758, akawahamishia kwa mamalia. Kwa nini mnyama wa baharini awe na mapafu na maziwa? Mwache mwanafunzi akae na swali hilo kabla ya kumpa jibu.

Charles Darwin, mwanaasili Mwingereza ambaye nadharia ya mageuko huhusishwa na jina lake, naye alisukumwa na mwainishaji. Mwaka 1837, jijini London, mtaalamu wa ndege John Gould alichunguza ngozi za ndege kutoka Visiwa vya Galápagos, akaonyesha kwamba ndege wadogo ambao Darwin aliwadhania kuwa wa makundi mbalimbali, kwa jinsi midomo yao ilivyotofautiana, walikuwa jamaa wa karibu. Mwaka huohuo Darwin alichora katika daftari lake mti wa nasaba wenye matawi.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo vitabu vya shule huipita haraka mno, ni ile ya kuanzia 1846 hadi 1854, Darwin alipojifungia na wanyama wadogo wenye magamba wanaojigandisha kwenye miamba na chini ya meli, waitwao barnacles kwa Kiingereza. Kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa moluska, yaani jamii ya konokono na chaza, mpaka uchunguzi wa viluwiluwi vyao, yaani watoto wao wachanga, ulipodhihirisha kwamba ni jamaa za kaa na kamba. Akiwapasua mmoja mmoja, Darwin alikuta tofauti nyingi kiasi kwamba mara nyingi ilikuwa vigumu kuamua kama sampuli mbili ni spishi mbili au ni aina mbili za spishi moja. Ugumu huo ni hoja yenyewe, kwa maana kama spishi hutokana na spishi nyingine polepole, mipaka yao haina budi kuwa na ukungu mahali fulani. Alfred Russel Wallace, mwanaasili Mwingereza aliyekusanya wadudu na ndege, alikuwa amekaribia hapo mwaka 1855 alipoandika kwamba kila spishi huzuka karibu, kwa mahali na kwa wakati, na spishi inayofanana nayo.

Basi chagua kundi moja dogo, buibui au majani ya miti, uandike sifa za kila sampuli katika jedwali, kisha uchore makundi ndani ya makundi. Sampuli zinazokataa kukaa mahali pamoja usizitupe. Ziandikie ukurasa wake. Ukimaliza, fungua kitabu cha Darwin cha 1859, On the Origin of Species, kwenye sura ya uainishaji, anapoeleza kwamba undugu wa nasaba ndio uhusiano uliofichika ambao wanaasili walikuwa wakiutafuta bila kujua, uisome huku jedwali lako likiwa wazi mbele yako.