Pizza ya Krismasi kwa watu thelathini: mimi nimeshaunguza nyingi, soma kwanza

Dada, umeuliza mambo matatu: kama pizza inafaa kwa Krismasi ya ndugu wapatao thelathini, kama itawezekana kwa oveni moja ya mezani na jiko la mkaa, na uweke nini juu ili ukweni wasione umekwenda kucheza jikoni. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeoa Marangu kule Kilimanjaro, kwa hiyo Idi tunakula kwetu na Desemba tunapanda mlimani. Huu ni mwaka wa nne napewa kazi ya pizza pande zote mbili, na si kwa sababu nilianza vizuri.

Inafaa, ila isiwe ndiyo chakula. Mwaka wa kwanza nilimwambia mama mkwe apunguze pilau, pizza zitajaza pengo. Wazee waliotoka ibadani na njaa zao wakapewa kipande kimoja kimoja kwenye sahani, wakakitazama. Baba mkwe akauliza hiyo chapati iliyomwagiwa mboga inaliwa na nini. Tangu hapo machalari (ndizi zilizopikwa na nyama), nyama na pilau vinakaa mahali pake mchana, na pizza naitoa saa kumi na moja jioni, watu wamekaa uani wanapiga soga, watoto wamechoka kukimbia na wameanza kuulizia chakula upya. Hapo hakuna anayeilinganisha na pilau, na hata ikichelewa nusu saa hakuna atakayenuna.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo wengi hupotea. Unga kilo moja, maji mililita 600, chumvi gramu 20, mafuta vijiko viwili vya chakula, hamira kijiko kimoja kidogo cha chai. Hapo unapata madonge sita ya gramu 270 hivi, kila moja linatoa pizza ya sentimita 28 mpaka 30, unakata vipande vinane. Watu thelathini kwa vipande vitatu ni tisini, yaani pizza kumi na mbili, yaani kilo mbili za unga. Ukiona madonge ni mengi, kumbuka wapo wajomba wanaokuja bila kualikwa.

Kanda jioni ya tarehe 24, ulaze kwenye friji. Unga uliolala una ladha na unavutika bila kurudi nyuma kama mpira, na siku yenyewe mikono yako iko huru. Lakini hamira iwe kidogo! Idi moja Tanga nilitia pakiti nzima, friji imejaa juisi na nyama, nikaliacha beseni mezani usiku kucha kwenye lile joto letu. Alfajiri unga ulikuwa umelisukuma sinia, umemwagika mpaka kwenye kiti, unanuka kama pombe. Marangu, ambako usiku una baridi yake, beseni lile lile likiachwa nje limefunikwa linaamka taratibu na halikutii aibu. Kwa hiyo usifuate saa za kwenye mapishi, ufuate unga: ukishakua mara mbili, uko tayari. Utoe kwenye friji muda wa saa mbili hivi kabla ya kuusukuma.

Adui wako mkubwa jikoni ni maji. Waitaliano wa Napoli wanapaka nyanya mbichi zilizosagwa tu, wanatupia jibini, majani ya rihani na mafuta ya zeituni, basi. Lakini tanuri lao la kuni linafika nyuzi 450 na kitu, pizza inaiva ndani ya sekunde 60 hadi 90, maji hayapati hata nafasi ya kushuka. Oveni yako ikijitahidi sana ni 250, pizza inakaa dakika kumi mpaka kumi na mbili, na muda wote huo nyanya mbichi inauchemsha unga kutokea juu. Unakula uji wenye jibini. Kwa hiyo chagua nyanya ndefu zenye nyama nyingi, toa mbegu, kwaruza, pika na kitunguu swaumu na chumvi hadi ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia yake ibaki inaonekana. Iache ipoe. Vijiko vitatu kwa pizza moja vinatosha, na usipake mpaka ukingoni.

Jibini nayo ni hivyo hivyo. Mozzarella laini inayouzwa ndani ya maji, kama utaipata, ikate na uiache kwenye chujio tangu asubuhi. Ile ngumu ya kipande ni rahisi zaidi kwa shughuli. Kilo moja na nusu inatosha pizza zote kumi na mbili, gramu 120 kila moja. Cheddar peke yake inaachia mafuta hadi pizza inang'aa kama imepakwa losheni. Ukitaka kuokoa pesa ichanganye, theluthi moja cheddar, iliyobaki mozzarella. Hoho na vitunguu vikate vyembamba, uyoga ukaangwe kwanza utoe maji, nyama ya kusaga iive kabisa na ikauke pembeni. Nyama mbichi huenda isiive vizuri juu ya pizza, usijidanganye. Na kama mna wageni Waislamu na Wakristo kama sisi, salami (ile soseji kavu ya kukatwa vipande) iwe ya ng'ombe, si ya nguruwe, au usiiweke kabisa. Kumtafuta mtu wa kumwelezea kila anayeuliza ni kazi.

Kuhusu jiko la mkaa: ukijua kupika keki kwa moto wa juu na chini, unajua nusu ya kazi. Sufuria kubwa nzito, ndani weka mchanga mkavu au vijiwe, funika, ipate moto dakika ishirini. Makaa mengi yawe juu ya mfuniko, machache chini, kwa sababu chini huungua kabla jibini haijayeyuka. Sukuma unga, uweke kwenye sinia la bati ndani ya sufuria peke yake dakika tatu au nne, utoe, upake vitu vyako, urudishe. Hiyo ya kuupa unga moto kwanza ndiyo siri pekee niliyo nayo, na inafaa hata kwa oveni. Mimi besi zote, yaani unga uliosukumwa kabla ya kupakwa vitu, nazipa moto asubuhi, nazipanga kama chapati chini ya kitambaa. Jioni kazi ni kupaka na kumalizia, oveni inatoa moja, jiko linatoa moja, na umeme ukikatika (ulikatika mwaka juzi, saa kumi na mbili kasoro) bado una makaa.

Watoto waachie wapake wenyewe. Gawa madonge matatu yawe madogo madogo, kila mtoto na kiduara chake na vibakuli katikati. Kutakuwa na jibini sakafuni na mmoja ataweka hoho tupu kwa ubishi. Lakini yule yule anayekataa mboga nyumbani atakula hoho alizozipanga kwa mkono wake.

Sasa wazee. Hapa ndipo nimepata heshima yangu ukweni. Napoli mkesha wa Krismasi kuna pizza inayoliwa ambayo haina nyanya wala haiko wazi: tabaka mbili za unga, katikati majani yenye uchungu kidogo yanayoitwa skarola, pamoja na zeituni, dagaa wa chumvi, zabibu kavu. Inafungwa kama sambusa kubwa ya duara. Nilipoisikia nikafikiria mnafu, ile mboga ya majani. Uchungu ni ule ule wa heshima, na Marangu upo nyuma ya nyumba. Nikauchemsha, nikaukamua mpaka mikono ikauma (maji, dada, maji), nikaukaanga na kitunguu swaumu kingi, zeituni nyeusi na kiganja cha zabibu kavu, nikautia katikati ya madonge mawili, nikabana kingo, nikatoboa kwa uma, dakika 35 kwa moto wa 200. Baba mkwe alikula vipande vitatu na mbege yake (pombe ya ndizi), akauliza nani kapika. Faida nyingine, hii haihitaji jibini, na ikipoa inakuwa tamu zaidi, kwa hiyo unaipika asubuhi mapema na kuisahau. Mimi sasa kati ya zile kumi na mbili, mbili ni za namna hii, na kwa kuwa kila moja inakula madonge mawili, nakanda madonge mawili zaidi.

Kuna watakaokushauri upike pizza ya Zanzibar badala yake. Ni tamu, nakubali, Idi jioni Forodhani nimesimama foleni kama wengine. Lakini ile ni kitu kingine: unga unavutwa mwembamba, unawekwa nyama ya kusaga, kitunguu, yai, mayonezi, unakunjwa na kukaangwa kwenye chuma. Inaliwa ya moto, moja baada ya moja. Kwa watu thelathini utasimama kwenye chuma hadi saa nne usiku, uisikie sherehe kwa masikio tu.

Na kama unafikiria nanasi: weka, Desemba ni tamu sana. Likate dogo, likaange kavu kwanza hadi liwe na rangi ya kahawia, vinginevyo tunarudi kwenye uji. Weka kwenye pizza mbili tu. Mama mkwe wangu hulichokoa kipande kimoja kimoja na kuliweka pembeni ya sahani, kisha mwishoni analila lote kwa mkupuo kama kitindamlo.

Na donge likibaki usilitupe. Tarehe 26 asubuhi lisukume, likaange kwa mafuta kidogo, litoke na chai ya tangawizi.