Kwa njuka, wanafunzi wapya wa seminari, wanaoanza utume wa Jumamosi: kutembelea wagonjwa, wazee na wajane

Madogo, nimewaona. Wodi ya wanaume, hospitali ya misheni, daktari yuko kwenye raundi, ninyi mnaingia darasa zima na ngoma. Sauti ya pili ilikaa vizuri, sikatai. Lakini nesi alisimama na trei ya sindano akisubiri mfike ubeti wa mwisho, na mzee wa kitanda cha dirishani akajifunika shuka hadi utosini. Mkatoka, kiranja akaandika kwenye daftari: "Kutembelea wagonjwa." Mimi niko maabara pale pale, na kabla ya hapo nilipita seminari ndogo, sekondari ya vijana wanaofikiria upadre, kama ninyi, kwa hiyo naomba mnisikilize kidogo kabla ya Jumamosi nyingine.

1. Barua ya paroko, ile mnayorudi nayo seminarini kueleza mlivyoishi parokiani likizo. Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayowanyima usingizi kila likizo. Mkifunga tu, nenda kajitambulishe parokiani, usingoje wiki ya kurudi. Paroko akikufungia bahasha na kugonga mhuri juu ya gundi, hujui umebeba nini. Mwenzetu mmoja alisafiri na yake kwenye basi usiku kucha, amechangamka, anatugawia mahindi ya kuchoma. Gombera, mkuu wa seminari, akaifungua. Ndani mstari mmoja: "Simfahamu." Ukiwahi utapewa kufagia kanisa, kutumikia misa ya alfajiri, kumsindikiza katekista kigangoni, kwenye kanisa dogo la kijijini chini ya parokia. Ukipewa kuchagua, chagua katekista. Anajua kila nyumba, na anajua nani anasema ameshakula wakati hajala.

2. Uliza kwanza. Wana TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki Tanzania, mnaimba kila mkutano: kuona, kuamua, kutenda. Padre Cardijn wa Ubelgiji aliwafundisha vijana wafanyakazi hatua hizo tangu miaka ya 1920, na aliweka kuona mwanzoni. Sisi tulianza na kutenda.

Ilikuwa Kwaresima, niko kidato cha pili, kiranja wa kikundi, na cheo kimenikaa kichwani. Tulipangiwa bibi mmoja, mjane, nyumba yake iko nyuma ya kigango. Tukaenda na majembe, mafyekeo, reki na toroli la seminari. Bibi hakuwepo, alikuwa amekwenda kliniki ya macho. Frateri, mseminari mkubwa aliyekuwa akitusimamia, alibaki kigangoni na katekista. Uwanja mzima majani yamefika magotini. Nikawaambia wenzangu: tukimaliza kabla hajarudi, atalia kwa furaha.

Tulifyeka kwa nyimbo. Wengi wetu tulikuwa watoto wa mjini, mboga tunayoijua ni ile inayouzwa imefungwa kwa kamba. Mwenzetu mmoja wa kijijini akasimama, akachuma jani, akalinusa. "Hii si mgagani?" Nikamjibu kwamba anatafuta sababu ya kupumzika. Akanyamaza, akaendelea kung'oa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mengine yote: kati yetu alikuwepo aliyeona, na mimi ndiye niliyemfumba macho.

Tuling'oa mgagani. Tuling'oa mnavu na vitunda vyake vyeusi. Mchunga tuliukata mpaka chini. Kisha tukakusanya, tukachoma. Bibi akarudi, akasimama karibu na moto, akautazama uwanja wake mweupe. Akasema, "Asanteni wanangu, Mungu awabariki." Akaingia ndani, akatoka na ungo wa karanga. Na karanga tulizila! Kwenye daftari nikaandika kwa mwandiko wangu bora: "Usafi wa mazingira kwa mjane."

Katekista ndiye aliyekuja kutueleza baadaye. Ule uwanja ulikuwa bustani. Bibi alikuwa akifunga mafungu na kuyapeleka gulioni, hapo ndipo ilipotoka chumvi na sabuni. Ile mgagani iliyokuwa imekauka, tuliyoiona mbaya kuliko yote na kuanza nayo, aliiacha makusudi ikomaze mbegu za msimu ujao. Kwa hiyo tulichoma mboga ya mwaka huo na ya mwaka uliofuata kwa kiberiti kimoja.

Gombera hakutuchapa. Ningependa angetuchapa. Alinipa karatasi, akaniambia niandike tulichokiona kwa bibi kabla ya kushika jembe. Nikakaa nayo mpaka kengele ya masifu, haina kitu. Tukaanza upya: tukaenda kuomba mbegu kwa akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na kila nyumba swali ni lile lile, "Ninyi ndio wale mliofyeka mboga?" Tukaotesha, lakini mvua zilikuwa zinaishia, ikabidi tumwagilie kwa ndoo kutoka kisimani mpaka tulipofunga shule. Bibi alikuwa akikaa kivulini anatuelekeza, anacheka.

Basi msipime kwa shukrani. Watu wa kwetu wamelelewa kumshukuru mgeni hata akiwavunjia chungu.

3. Picha: hapana. Najua simu ni ya frateri. Hata ya frateri, hapana.

4. Zawadi na majira yake. Kwaresima ikifika, makazi ya wazee yanajaa sabuni na biskuti, kila shule ina zamu, wazee wanaimbiwa mpaka wanachoka. Njoo Julai uone kama kuna kipande cha sabuni. Masista wa Mama Teresa walifika Tabora mwaka 1968, nyumba yao ya kwanza Afrika, na kazi yao haina msimu: Jumanne ya kawaida mtu anaogeshwa kama siku ya Pasaka. Msiwape wenye kisukari biskuti, kwa jina la Yesu. Muulizeni nesi.

5. Nawa mikono kabla na baada. Viatu vya kufunika. Usikae kwenye kitanda cha mgonjwa.

6. Kwa wanaonung'unika kwamba kazi za mikono zinakula muda wa Fizikia: Mwalimu Nyerere alifundisha St. Mary's Tabora na Pugu kabla ya siasa, na mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea akataka shule ziwe na mashamba na wanafunzi wayalime. Malalamiko yenu yana umri mkubwa kuliko wazazi wenu. Fizikia nilifaulu, na jembe ninalo.

7. Daftari. Kidato cha nne mnaondoka Novemba, na kila mwaka wanaowafuata wanaanza kwenye giza kwa sababu daftari lina saa tu. Andikeni vitu vya maana: nyumba ipi, anaishi na nani, anasikia sikio lipi, kliniki yake ni siku gani, kipi cha uwanjani ni mboga, na mbwa wake hufungwa au hafungwi.