Mbege ya nyumbani huharibikia kwenye kimea

Wanaoniuliza kuhusu mbege, pombe ya Wachaga ya ndizi na ulezi, karibu wote huanza na ndizi: za aina gani, ziive kiasi gani. Mimi huwarudisha kwenye ulezi. Nilijifunza Marangu, Kilimanjaro, jikoni kwa bibi, na sasa napikia Dar es Salaam. Kila ndoo iliyoniharibikia, tatizo lilianzia kwenye kimea, yaani ulezi ulioachwa uote kisha ukakaushwa.

Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, ufunike kwa gunia safi lenye unyevu. Nyunyizia asubuhi na jioni, na uugeuze kwa mkono, maana katikati hupata joto na kuanza kunata. Siku ya pili au ya tatu utaona vimizizi vyeupe virefu kuliko punje yenyewe. Hapo uanike juani, utandaze kabisa, mpaka vimizizi vipukutike ukisugua viganjani. Kule kuota ndiko kunakoamsha vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo chakula cha chachu.

Masika moja sikupata jua. Nikausaga hivyo hivyo ukinuka uvundo, nikijiambia moto utamaliza kila kitu. Nilipofunua ndoo nilimwaga yote, na hadi leo nashukuru. Januari 2015 huko Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa kwa pombe ya kienyeji. Uchunguzi ulionyesha sumu ya bakteria, na unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibiwa na mafuriko. Sumu ile haiondoki kwa kuchemsha. Nafaka ikishika ukungu, tupa. Hata kuku usiwape.

Ndizi hazina ugumu. Menya zilizoiva sana, chemsha saa tatu hivi mpaka rangi iwe ya udongo mwekundu, zipoe, funika kwa majani ya mgomba. Kwa baridi ya Marangu tulisubiri siku tano au sita. Kwa joto la Dar siku mbili tatu zinatosha. Usihesabu siku, tega sikio: povu huchemka kwa sauti ndogo, kisha hutulia. Likitulia ongeza maji, chuja.

Unga wa kimea upike uji mzito, lakini bakiza viganja viwili vya unga mbichi. Uji ukipoa kiasi kwamba kidole kinavumilia kidogo tu, utie unga ule na ukoroge. Uji unaotokota huua vimeng'enya. Huu wa moto wa wastani huviacha vifanye kazi, na baada ya muda utaona uji umelegea na umekuwa mtamu. Uache upoe kabisa ndipo uchanganye na maji ya ndizi.

Gome la msesewe, mti unaoipa mbege uchungu, lililokaushwa na kutwangwa, natia kiasi cha kushikwa na vidole vitatu kwa ndoo ya lita 20. Usizidishe kwa kutafuta ukali. Jamii ya mti huo ndiyo iliyotoa dawa ya kushusha presha, kwa hiyo anayemeza dawa za presha namwomba asiguse kabisa.

Ndoo isiwe imewahi kubeba rangi wala dawa ya shambani. Funika kwa kitambaa, usikaze mfuniko, kwa sababu gesi inatafuta njia ya kutoka. Kesho yake jioni mbege inanyweka. Siku ya tatu imeshachachuka, na hiyo siwapi wageni.