Re: Picha ya kanisa la Bagamoyo, niprinti saizi gani?

Mkuu, umeuliza hiyo picha yako ya mnara wa kanisa la zamani Bagamoyo, pale mwili wa Livingstone ulipolazwa 1874, uprinti saizi gani na kama kioo ni lazima. Kwa sebule A3 inatosha kabisa, ila faili liwe na pikseli kama 3500 kwa 5000 hivi, ile iliyopitia WhatsApp achana nayo itatoka ukungu ukungu tu. Karatasi chukua isiyong'aa. Kioo weka, lakini mwambie fundi fremu azungushie kadibodi kwa ndani picha isigusane na kioo, mimi yangu ilinata kwa huu unyevu wa pwani, kuja kuibandua nikang'oa nusu ya mnara 😂 Na usitundike ukuta unaopigwa jua la jioni, rangi inapauka.