Nimemwaga oili, mbona taa ya MAINT REQD haizimi?

Swali: Fundi, salamu kutoka Bujumbura. Nina Toyota RAV4 ya mwaka 2008, injini ya 2.4, usukani kushoto. Ilitoka Marekani ikapitia Dubai kabla ya kufika huku. Wiki iliyopita niliipeleka gereji, wakamwaga oili na kubadilisha filta, mimi mwenyewe nikiwa nimesimama pale. Nilipowasha ili nirudi nyumbani, yale maandishi ya MAINT REQD (kifupi cha Kiingereza, yaani gari linahitaji servisi) bado yanawaka kwenye dashibodi. Nikarudi. Fundi akachomoa betri kama robo saa, akairudishia. Taa ikabaki vilevile, na tangu hapo injini inatetemeka nikisimama kwenye foleni. Sasa anataka gari lipimwe kwa kompyuta, na hiyo ni pesa nyingine. Je, injini yangu imeharibika?

Jibu: Dada yangu, pesa ya kompyuta usiitoe kwa ajili ya taa hiyo. MAINT REQD si taa ya ubovu. Ni kihesabu tu. Gari linahesabu maili ulizotembea tangu mara ya mwisho taa hiyo ilipofutwa. Zikikaribia 4,500 inaanza kukukumbusha kwa muda mfupi kila unapowasha, na zikipita 5,000 inawaka moja kwa moja. Haina kifaa chochote ndani ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kinachoionja oili. Fundi wako angeweza kumwaga oili mara tatu kwa siku moja, taa isijue, kwa sababu hakuna mtu aliyeiambia ianze kuhesabu upya. Hata kompyuta ya kupimia ingesoma hitilafu za injini, na hii si hitilafu.

Kuifuta ni kazi ya dakika moja na haihitaji spana. Kaa kwenye kiti cha dereva, ingiza ufunguo, zungusha mpaka ON bila kuwasha injini. Kwenye mita kuna kile kitufe cha kubadilisha odometa na TRIP, yaani mita ya safari unayoweza kuirudisha kwenye sifuri. Kibonyeze mpaka uone namba ya jumla ya maili, si TRIP A wala TRIP B. Zima ufunguo. Sasa bonyeza kitufe hicho na usikiachie. Ukiwa bado umekibonyeza, zungusha ufunguo tena mpaka ON. Endelea kushikilia, hesabu taratibu mpaka kumi. Taa itawaka na kuzima mara kadhaa, kisha kwenye odometa zitatokea sifuri tupu, 000000, na taa itazima. Achia. Watu wengi wakiziona zile sifuri wanashtuka na kuachia mapema, wakidhani wamefuta maili za gari. Hujafuta kitu, namba yako ya zamani inarudi pale pale. Ukiachia kabla ya wakati, taa itaendelea kuwaka nawe utaanza upya.

Wenye Toyota nyingine za Marekani, kama Corolla na Camry, njia ni hiyohiyo, ila kwenye baadhi ya matoleo mita inatakiwa ioneshe TRIP A kabla ya kuzima. Ikigoma kwa namna moja, jaribu nyingine. Gari la kuwasha kwa kitufe, bonyeza START mara mbili bila kukanyaga breki, hapo ndipo ON. Vitz, IST na Probox tulizozizoea kutoka Japani hazina taa hii, kwa hiyo usishangae kama fundi wako hajawahi kukutana nayo. Kutojua si kosa. Kosa ni kuchomoa betri kwa kubahatisha.

Na huko kutetemeka kumetokana na betri. Injini yako inajifunza yenyewe kiasi cha hewa ya kupitisha ikiwa imesimama, na umeme ulipokatwa ikasahau ilichojifunza. Mara nyingi hutulia baada ya kuendesha siku chache. Isipotulia, throto (mlango wa kupitishia hewa kwenye injini) isafishwe, maana huwa ina masizi. Hilo ndilo la kumlipa fundi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi kuliko taa yenyewe. Odometa yako inahesabu maili. Angalia ile stika waliyokubandikia ya servisi ijayo. Nakuhakikishia, tisa kati ya stika kumi ninazoziona kwenye magari ya Marekani zimeandikwa kwa mazoea: fundi anachukua namba iliyopo, anajumlisha 5,000, basi. Tuseme gari lako lilisoma 112,400, akaandika 117,400. Kwake yeye hizo ni kilomita 5,000. Kwa gari lako ni maili 5,000, yaani zaidi ya kilomita 8,000. Kama umewekewa oili ya kawaida, ile nzito ya bei nafuu ambayo gereji nyingi zetu huiuza kwa kilomita 5,000, unatakiwa kurudi baada ya maili 3,100 tu, yaani ikisoma 115,500. Ukiisubiri taa, utakuwa umeitumia oili iliyokwisha kwa kilomita 3,000 hivi. Na taa hiyo ya kwako haibadilishiki, itahesabu 5,000 zake daima. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu watumie TRIP B: siku ya kumwaga oili irudishe kwenye sifuri, usiiguse tena, ikifika 3,100 nenda gereji. TRIP A iache kwa ajili ya mafuta.

Injini yako, 2AZ-FE, nayo ina tabia yake. Nyingi za miaka hiyo hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, na haivuji chini ukaona doa. Inaungua taratibu na kutoka na moshi. Kihesabu hakijui hilo. Kila Jumamosi asubuhi, injini ikiwa imepoa na gari likiwa mahali tambarare, fungua boneti, chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute kwa kitambaa, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ile ya juu. Ikishuka kwenye alama ya chini, ongeza kidogo kidogo, usimwage lita nzima kwa mara moja.

Niliwahi kuletewa Corolla ya Marekani ambayo dashibodi yake ilikuwa safi kabisa, haina taa hata moja. Mwenyewe alisema inafanyiwa servisi kila mara. Nilipofungua nati ya sampo, oili haikutoka. Ilichukua muda, kisha ikaanza kudondoka kipande kipande kama lami iliyopoa, na nilipoisugua kati ya vidole ilikuwa na chembechembe. Huko alikokuwa akienda walikuwa wanafuta taa tu. Baba wa watu alikuwa analipa kila mara, na ile injini hatukuweza kuiokoa. Kwa hiyo ulivyosimama pale ukaona oili ikitoka na filta mpya ikifungwa, ulifanya vizuri sana. Endelea hivyohivyo, na taa ifute wewe mwenyewe, baada ya kazi kwisha.

Usiichanganye taa hii na ile nyekundu yenye picha ya birika la oili. Hiyo inaonesha presha ya oili, na ikiwaka injini ikiwa inanguruma, weka gari pembeni na uzime hapo hapo, hata kama nyumbani kumebaki mita mia. Taa ya CHECK ENGINE nayo ni nyingine kabisa. Ikiwaka ndipo kompyuta inapohitajika, na njia niliyokupa haitaizima.

Kama umeshikilia kitufe mpaka sifuri zikatokea na bado taa inarudi kila unapowasha, niandikie mita inavyoonesha, tuangalie pamoja. Na umwombe fundi akubandikie stika nyingine, iliyoandikwa kwa maili.